Kalenda ya Ziwa na Tarehe ya Kadi

Mimi ni mwanamke wa kisiwa cha Ukara, mchuuzi wa dagaa, na ninaishi na VVU. Nilipopimwa na kupewa majibu, dawa zilikuwa bado hazijavuka maji kuja kwetu. Kwa miaka mingi sasa nafanya pia kazi ya kuwashauri wenzangu kwenye mialo ya Ukerewe, yaani fukwe ambako mitumbwi hushusha samaki. Walioacha dawa nawafuata, wanaoanza nakaa nao, wanaoogopa kupima naongea nao mpaka hofu ipungue. Naandika kwa sababu karibu kila ninapoitwa kwenye kikao Nansio au Mwanza, takwimu zikishasomwa, mtu husimama na kusema watu wa visiwani ni watoro wa dawa. Huo utoro nimeuona kwa macho yangu, na mara nyingi niliyemkuta mwisho wa safari hakuwa mtoro. Alikuwa mtu aliyekwenda kazini.

Ukerewe ni wilaya ya maji, ndani ya Ziwa Victoria, mkoani Mwanza. Ina visiwa 38, na kama 15 hivi ndivyo vyenye makazi ya kudumu. Vingine hujaa watu dagaa wakionekana, wakihama na watu nao wanahama, vinabaki vibanda vitupu na chanja za kuanikia. Makao makuu ni Nansio, na hospitali ya wilaya iko hapo. Kutoka Nansio hadi Mwanza mjini ni saa tatu na ushee kwa meli. Sisi wa Ukara tunavuka kwanza mpaka Bugolora, halafu tunatafuta gari au bodaboda ya kwenda Nansio. Wa Irugwa au wa Ghana (kisiwa chetu, si ile nchi ya Afrika Magharibi) wanategemea boti za watu binafsi, nazo hazina ratiba. Zinaondoka zikijaa na kurudi mwenye boti akimaliza yake. Ukiikosa ya mchana unalala, na mwanamke anayelala kisiwa asichokuwa na ndugu analala kwa hisani ya mwanamume fulani. Hilo nalo linahusu VVU, ingawa kwenye ripoti za umbali sijawahi kuliona.

Kwenye ramani tunaonekana tuko karibu. Siku ya utulivu, kutoka Ukara unaiona Ukerewe kubwa vizuri tu. Upepo ukichafuka, uko mbali kuliko Dar es Salaam. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikitoka Bugolora, kikiwa kimebakiza hatua chache kufika gati la Bwisya, kwetu Ukara, na watu zaidi ya 220 wakafa mbele ya macho yetu. Baada ya msiba ule nilikuwa na kina mama waliokataa kabisa kuvuka kufuata dawa. Mmoja aliniambia, "Dada, ugonjwa naujua, nimeishi nao. Maji yale siyawezi tena." Sikuwa na la kumjibu, nilimwonea huruma tu. Sehemu ya fedha za rambirambi ilitumika kupanua Kituo cha Afya Bwisya, hapo hapo kisiwani, na mpaka leo nikiingia pale nawakumbuka waliokufa na ninashukuru kwa niaba ya walio hai. Kituo kilicho upande wako wa maji kinaokoa watu. Hilo halina mjadala kwangu.

Ugonjwa huu ulitambuliwa rasmi nchini mara ya kwanza mwaka 1983 mkoani Kagera, ng'ambo ya ziwa hili hili. Dawa za bure zilianza 2004, zikianzia hospitali kubwa. Kwa hiyo kwa miaka zaidi ya ishirini watu wa kandokando ya ziwa waliuguza na kuzika, na dawa zilipokuja zilikaa kwanza walipokaa madaktari. Wakati ule hukupewa dawa kwa kuwa una virusi. Kinga ya mwili, yaani CD4, kwa wengi ilibidi iwe imeshuka chini ya 200, na mashine ya kuipima haikuwepo kisiwani. Fikiria mtu aliyekonda, anayeharisha, avuke maji, alale Nansio au Mwanza, atolewe damu, aambiwe arudi baadaye kusikia majibu. Wengi hawakurudi mara ya pili. Nami niliponea kwenye tundu la sindano, kwa sababu nilikuwa na shangazi Kirumba, Mwanza mjini, aliyenilaza kwake mpaka nikapata nguvu. Jirani yangu ambaye hakuwa na shangazi Kirumba tulimzika. Ugonjwa wetu ulikuwa mmoja.

Oktoba 2016 utaratibu ulibadilika, ukapimwa na kukutwa na virusi unaanzishiwa dawa. Kabla ya hapo, kuanzia 2013, wajawazito walishaanza kupewa dawa za maisha hata kwenye zahanati. Mabadiliko hayo mawili yalitupunguzia safari nyingi kuliko barabara yoyote iliyojengwa. Sasa nije kwenye yale ambayo hayajafutika.

Dagaa huvuliwa usiku, kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi ni taa za sola na betri. Taa inafanya kazi kukiwa na giza. Mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawaifuati taa, kwa hiyo siku za mbalamwezi mitumbwi inavutwa nchi kavu, nyavu zinashonwa, hesabu zinafanywa, vijana wanalipwa na kulala. Mwezi ukipungua wanarudi majini. Kila mtu wa mwaloni anaijua kalenda hii, hata mtoto wa shule. Kadi ya kliniki haiijui. Kadi inasema urudi tarehe fulani, na tarehe hiyo imepatikana kwa kuhesabu siku za vidonge. Ikiangukia katikati ya giza, kijana ana mambo mawili mbele yake: aende kliniki apoteze mgao wa usiku ule na pengine nafasi yake kwenye mtumbwi, maana tajiri, mwenye mtumbwi, hamsubiri mtu, au abaki na kujiambia ataenda mwezi ukitoka. Wengi wanabaki. Siku zikipita, jina lake linahamia kwenye orodha ninayopewa mimi ya kutafuta watu.

Tena kulikuwa na ubaya mwingine ambao wa mjini hawakuujua kabisa. Kabla ya 2019 kidonge cha wengi kilikuwa na efavirenzi ndani yake. Dawa ile huleta kizunguzungu na ndoto kali, ndiyo maana tulifundishwa kuwaambia watu waimeze usiku wanapokwenda kulala. Sasa mwambie hivyo mvuvi wa dagaa. Usiku ndio kazi yake. Amesimama kwenye mtumbwi unaoyumba, anavuta wavu, chini yake maji meusi, na wengi wao, niseme ukweli, hawajui kuogelea vizuri. Kijana mmoja wa kambi ya jirani alinieleza bila kuficha: "Mama, nikimeza ile naona taa mbili. Nikianguka nani ataniokota?" Akawa anameza siku za mbalamwezi tu, akiwa nchi kavu. Wakati wa giza vidonge vinakaa. Kliniki waliona virusi havishuki, wakamhubiria umuhimu wa dawa. Umuhimu wa dawa alikuwa anaujua. Alichokuwa anakwepa ni kufa maji.

Nilikaa naye tukapanga awe anameza asubuhi akirudi, kabla ya kulala, baada ya mimi kumpeleka kwa muuguzi tukakubaliana watatu. Ikawa afadhali. Lakini nafuu kubwa ilikuja na TLD mwaka 2019, kidonge chenye dolutegraviri badala ya efavirenzi, ambacho mtu anaweza kumeza saa yoyote inayomfaa mradi ni ile ile kila siku, bila kizunguzungu kile. Kwa mtu wa ofisini pengine ilikuwa dawa moja imebadilishwa na nyingine. Kwa mvuvi ilikuwa ruhusa ya kufanya kazi na kuishi.

Muuguzi ninayemshukuru kuliko wote ni dada mmoja aliyehamishiwa kwetu kutoka bara, asiyejua hata kupanda mtumbwi. Aliona wanaume hawaonekani kliniki, akatuuliza kwa nini, akatusikiliza. Tangu hapo, kabla hajaandika tarehe kwenye kadi ya mvuvi, alimwuliza, "Siku hiyo mwezi utakuwaje?" Akihitaji kuongeza vidonge vichache ili tarehe isogee mpaka mbalamwezi, aliongeza. Akaenda mbali zaidi, akaomba boti ya huduma mkoba, ile inayowafuata watu walipo, ipangiwe safari kwa kufuata mwezi badala ya wiki ya kwanza ya kila mwezi wa serikali. Zamani boti ile ilifika wakati wa giza, ikakuta wanawake tunaanika dagaa na wanaume wamelala kama magogo baada ya kukesha. Ilipoanza kuja mbalamwezi, kulikuwa na foleni ya wanaume mwaloni, wamekaa juu ya mitumbwi wakisubiri zamu. Wengine walikuja kupima kwa sababu tu hawakuwa na kazi nyingine siku ile. Hakuna aliyeongeza fedha. Walibadilisha siku tu.

Jambo la tatu ni kuhama, na hapa ndipo ninapoumia zaidi. Samaki hawana kijiji. Dagaa wakipungua Ukara, kambi inahamia Irugwa, au inavuka mkoa kwenda Goziba upande wa Muleba, au Musoma. Wakati mwingine hakuna hata nafasi ya kuaga. Ikija operesheni ya kusaka nyavu haramu, kambi ya watu mia inaweza kuwa tupu kabla hakujapambazuka, mwenye makosa na asiye na makosa wote wamekimbia. Mtu anaondoka na nguo alizovaa. Faili lake linabaki kwenye kabati la kliniki aliyoandikishwa.

Kijana mmoja alikimbia hivyo, akaibukia kisiwa cha mkoa mwingine bila kadi. Alipokwenda kituo cha huko, aliambiwa arudi alikotoka akachukue barua ya uhamisho. Nauli ya boti kwenda na kurudi ilikuwa kubwa kuliko alichokuwa nacho mfukoni, na huko alikotoka alikuwa anaogopa kurudi. Akakaa bila dawa. Nilimpata kwa kupiga simu kwa wachuuzi wenzangu wanaofuata dagaa mwalo kwa mwalo, maana sisi tuna mtandao wetu, tunajua nani yuko wapi. Nikaenda kliniki, namba yake ikatafutwa kwenye faili, muuguzi wa kwetu akampigia wa kule, wakaelewana kwa dakika chache. Akapewa dozi siku ile ile. Kilichohitajika ni simu tu, lakini kijana alikuwa ameshaanza kukohoa.

Tangu siku hiyo kila ninayemshauri namwambia mambo yale yale. Kadi yako ifunge kwenye nailoni, ikae pamoja na simu na hela, siyo kwenye begi la nguo. Ipige picha kwa simu yako. Namba yako ya kliniki iandike mahali, au mpe mtu mmoja unayemwamini aliye nchi kavu. Ukifika pageni, usingoje vidonge viishe ndipo ukatafute kituo. Nenda vikiwa bado vipo, useme wewe ni mpita njia, uonyeshe kadi. Kituo chenye kliniki ya CTC, yaani ya matunzo na dawa za VVU, kinaweza kumhudumia mgeni, na ukikutana na mhudumu mgumu omba kwa heshima aipigie simu kliniki yako.

Kupewa dawa za miezi mitatu, kisha sita, kumesaidia sana, na ningependa kila mvuvi ambaye virusi vyake vimeshuka apewe za miezi sita bila kuombwa. Ila dawa nyingi zinaleta shida ya kuzitunza, na hili lazima nilieleze kwa kirefu kwa sababu wanaotoa dawa hawalioni. Kopo la vidonge linalia. Kwenye kibanda cha kambi wanalala watu sita au wanane, na kwenye mtumbwi hakuna siri. Ukitikisa begi, kopo likalia, kila mtu anajua. Kwa hiyo vijana wanamimina vidonge kwenye mfuko wa plastiki au karatasi, wanatupa kopo na kile kipakiti cha ndani kinachonyonya unyevu. Ndani ya wiki chache za mvuke wa ziwa na jasho vidonge vinalowa, vinashikana, vinameguka rangi. Nimewahi kufunguliwa mfuko nikaona uji.

Tunachofanya sasa ni hiki. Vidonge vibaki kwenye kopo lake, na kipakiti kibaki ndani. Nafasi iliyobaki juu ijazwe pamba safi ili visitikisike. Lebo ya nje ibanduliwe ukitaka, lakini jina la dawa na tarehe ya mwisho uwe umeviandika pembeni au umevipiga picha. Kopo liingie kwenye nailoni, nailoni iingie kwenye ndoo ndogo ya rangi yenye mfuniko unaobana, ambayo kila mvuvi anayo ya kuwekea vitu vyake visilowe. Humo ndani kopo halilii, na ndoo ikianguka majini inaelea.

Kipimo cha wingi wa virusi nacho kina habari yake. Damu ya kipimo hicho ikichukuliwa kwenye chupa inatakiwa ifike maabara na kutenganishwa ndani ya muda mfupi, na ubaridi unahitajika njiani. Boti ikichelewa, sampuli inaharibika, na mtu anaitwa tena kutolewa damu. Mtu akishatolewa mara mbili bila majibu anaanza kusema damu yake inauzwa. Nimelisikia hilo mara nyingi na silaumu. Ile njia ya matone ya damu yanayokaushwa kwenye karatasi ndiyo inayotufaa, kwa sababu karatasi ikikauka vizuri inasafiri siku kadhaa bila barafu. Watoto wachanga wa mama zao wenye VVU wanapimwa hivyo hivyo, wiki ya 4 hadi ya 6. Kucheleweshwa kwa mtoto ni kitu kingine kabisa, maana aliyeambukizwa hana muda wa kusubiri mawimbi.

Kuna wanaoishi karibu na kliniki na bado wanasafiri mbali. Nawajua wa Nansio wanaopita mlango wa hospitali yao wakapande meli kwenda kuchukua dawa Mwanza, kwa sababu anayegawa dawa hapo ni shemeji au mwalimu wa Jumapili wa watoto wao. Siwakemei. Kisiwani kila mtu ni ndugu wa mtu, na yale macho nayo ni umbali. Ninachofanya ni kuwauliza kila mara kama nauli ya safari ijayo ipo, na kama haipo tunatafuta njia ya kimya ya hapa hapa.

Januari 2025 fedha za msaada kutoka Marekani ziliposimamishwa, tulijifunza kwamba dawa na njia ya dawa ni vitu viwili. Dawa zilikuwepo. Kilichokosekana kwetu ni petroli ya boti na posho ya wanaozifuata kambi. Tulifanya tulichoweza. Kina mama wa dagaa tulijipanga kwa zamu, anayekwenda kuuza mzigo Mwaloni Kirumba au kununua mahitaji Nansio anabeba kadi za wenzake wa kikundi na kurudi na dawa zao. Tulishirikiana na wauguzi, hatukufanya kwa kificho. Watu wetu wachache walikatika dawa kwa siku kadhaa, na kila mmoja nilimfuata. Kikundi kile bado kipo, nasi tumekikuza, kwa sababu tumeona kwamba mchuuzi anavuka hata wakati ambao mhudumu hana cha kumvusha.

Wanaonisumbua akili sasa ni vijana wapya, wa miaka 18, 20, wanaotoka bara kutafuta maisha kambini, ambao hawajawahi kupima. Sheria ilipobadilishwa 2019 ikaruhusu mtu kujipima mwenyewe, tulipata vipimo vya kujipima kwa majimaji ya kinywa, na vijana wanavipenda kwa sababu mtu anajipima peke yake kibandani. Lakini kipimo kikionyesha mistari miwili, bado anatakiwa avuke kwenda kuthibitishwa kliniki ndipo aanze dawa, na hapo ndipo tunampoteza, maana kesho kutwa kambi imehamia kwingine.

Ombi letu kwa wilaya ni kwamba boti ya mbalamwezi iwe na muuguzi mwenye mamlaka ya kuthibitisha, kuanzisha dawa na kuandika uhamisho hapo hapo mwaloni, pamoja na orodha ya namba za simu za kliniki zote za kandokando ya ziwa, Mwanza, Mara, Kagera na Geita. Wenyeviti wa mialo yetu wameshaliwekea sahihi. Mimi na mwenzangu tumeahidiwa nafasi kwenye kikao kijacho cha Nansio, na tumeomba kisipangwe wakati wa giza ili wavuvi wenyewe waje kuongea.